Neno la Siri la Kuwashia Kompyuta ya Nyumbani: Laweza Kuondolewa Lini, na kwa Njia Gani

Makatibu wengi wa vyama vya msingi siku hizi humalizia kazi zao nyumbani. Daftari la hisa, orodha ya mazao yaliyopokelewa ghalani na makato ya mikopo ya pembejeo, ambayo zamani yalifungiwa katika kabati la ofisi, sasa yamo ndani ya kompyuta iliyowekwa sebuleni, juu ya meza ile ile wanayoandikia watoto kazi za shule. Umeme ukikatika, kompyuta huzimika. Umeme ukirudi, kioo huuliza tena neno la siri. Mtoto aliyekuwa katikati ya zoezi lake hana la kufanya, maana mwenye neno yuko shambani au mkutanoni. Baada ya jioni mbili tatu za namna hiyo nyumba nzima huliona swali hilo kuwa udhia mtupu, na katibu huanza kutafuta njia ya kuliondoa.

Njia ipo, nayo si ngumu. Ombi lenyewe si la kipuuzi: kompyuta ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana hiari ya kuacha mlango wake wazi. Lakini yafaa kwanza ifahamike mlango huo wafungua nini, kwa kuwa si kila kilichomo ndani ni mali ya mwenye nyumba.

Asili ya neno la siri

Neno la siri la kompyuta lilizaliwa katika mazingira ambayo mwanaushirika atayatambua mara moja: mashine moja ya gharama kubwa, watumiaji wengi. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mtu alikuwa na majalada yake na mgao wake wa muda, kwa hiyo ilibidi mashine itambue nani ni nani. Ndipo kila mmoja akawa na neno lake. Kufuli hiyo haikukaa sana kabla ya kuvunjwa. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyeona kwamba mgao wake wa saa 4 kwa juma haumtoshi, aliiagiza mashine ichapishe jalada lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, nayo ikatii. Hakutafuta fedha wala siri ya mtu; alitaka tu zaidi ya fungu lake, jambo ambalo vyama vya ushirika vimeliona mara nyingi bila msaada wa kompyuta.

Kompyuta ilipoingia majumbani, neno la siri lilikuwa kama adabu tu. Katika Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995, aliyekutana na swali hilo aliweza kubonyeza kitufe cha Esc akaingia zake. Windows XP ya mwaka 2001 ndiyo iliyoleta majumbani aina ya kufuli iliyokuwa ya kompyuta za ofisini, na tangu hapo swali likawa swali la kweli.

Ni kufuli ipi inayouliza?

Kabla ya kugusa chochote, katibu na atazame ni nani anayeuliza. Swali likitokea mara tu baada ya kuwasha, kwenye kioo cheusi na kabla ya alama ya Windows kuonekana, hilo ni la mashine yenyewe, si la Windows. Huondolewa katika ukurasa wa matengenezo ya mashine, unaofunguliwa kwa kubonyeza F2, F10 au Del wakati wa kuwasha, kwa kadiri ya mtengenezaji. Neno la zamani huandikwa, na nafasi ya neno jipya huachwa tupu. Mafundi wengine husema ukitoa betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, neno hilo hufutika. Kwa mashine za mezani za zamani ni kweli mara nyingi. Kwa kompyuta nyingi za kukunja za siku hizi si kweli, na asiyejua huishia kuharibu mashine.

Swali likija baada ya alama ya Windows, chini ya jina la mtumiaji, hilo ndilo linalozungumzwa katika somo hili. Liko pia swali la tatu, lile linalotokea kompyuta inapoamka baada ya kulala. Hilo lina swichi yake peke yake, na ndiyo sababu watu wengi huondoa la kwanza kisha wakashangaa kuulizwa tena baada ya chai.

Jinsi ya kuliondoa

Maelezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11. Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, lakini bado imo katika kompyuta nyingi.

Katibu ashike kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kidirisha kidogo kitafunguka. Humo aandike netplwiz, kisha abonyeze Enter. Orodha ya watumiaji itaonekana, na juu yake kijisanduku chenye tiki, kinachosema kwamba watumiaji ni lazima waandike jina na neno la siri. Achague jina lake, aondoe tiki hiyo, kisha athibitishe. Kompyuta itamtaka aandike neno lake la siri mara mbili. Hapa wengi hukosea kwa kuandika namba fupi ya PIN wanayoitumia kila siku. Linalotakiwa ni neno lenyewe la akaunti. Akikosea, kompyuta yaweza kukubali wakati huo, kisha itakapowashwa upya ikasema neno si sahihi. Vivyo hivyo, akija kubadilisha neno lake baadaye, kazi yote hufanywa upya.

Huenda kijisanduku hicho kisionekane kabisa. Basi afungue Mipangilio, yenye alama ya gurudumu la meno, aende kwenye Akaunti, kisha Chaguo za Kuingia. Huko kuna swichi inayoruhusu kuingia kwa njia ya Windows Hello peke yake, yaani PIN, sura au alama ya kidole. Akiizima na kurudi kwenye netplwiz, kwa kawaida kijisanduku huwa kimerudi. Katika kompyuta nyingi majina haya yako kwa Kiingereza, ila mpangilio ni huo huo. Ukurasa huo wa Chaguo za Kuingia ndio wenye swichi ya swali la kuamka: palipoandikwa kwamba aulizwe kompyuta inapoamka, aweke isimwulize kamwe. Kompyuta iliyoungwa katika mtandao wa mwajiri haitakubali mambo haya, na haipasi kulazimishwa.

Kinachoondoka pamoja na swali

Watu hudhani kwamba kwa njia hii neno la siri limefutwa. Sivyo. Neno bado lipo. Kompyuta imekabidhiwa ilitunze na kujijibu yenyewe kila inapowashwa. Ni sawa na kuacha ufunguo ukining'inia kwenye tundu la kufuli. Aidha, mwenye madaraka ya msimamizi katika kompyuta hiyo, akiwa na ujuzi, aweza kulifichua neno lililotunzwa. Ikiwa ndilo neno lile lile la barua pepe ya chama, basi nayo imekwenda.

Upande wa pili wa jambo hili husahauliwa zaidi. Neno la siri la Windows peke yake halizuii mwizi kuchomoa diski na kuisoma katika kompyuta nyingine. Kinachozuia ni ufumbaji wa diski, ambao katika kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huwashwa wenyewe, na ambao una ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Diski iliyofumbwa ikichomolewa haisomeki. Lakini ufumbaji huo hujifungua wenyewe kompyuta inapowashwa kwa kawaida, ukitegemea kwamba neno la siri litamzuia asiyehusika. Likiondolewa swali, mwizi hana haja ya kuchomoa diski: atawasha, atangoja, na kila kitu kitafunguka mbele yake. Kampuni ya Apple imeliona hilo. Katika kompyuta zake, ufumbaji uitwao FileVault ukiwashwa, kuingia bila kuulizwa huwa hakuwezekani.

Na ndani ya diski hiyo kuna nini? Iwapo ni picha za harusi na nyimbo, hasara ni ya nyumba. Iwapo ni orodha ya wanachama wenye mikopo, namba zao za simu na kiasi anachodaiwa kila mmoja, basi hasara ni ya watu ambao hawakuulizwa kama mlango uachwe wazi. Mjane anayedaiwa hakulieleza deni lake kwa mgeni aliyekuja kutazama mpira. Sheria nazo zimeliona jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya, zinamtaka anayetunza taarifa za watu azitunze kwa usalama.

Namna ya kuridhisha pande zote

Kwa hiyo kompyuta isiyo na kitu cha chama, isiyotoka nyumbani, inayotumiwa na watu wanaoaminiana, yaweza kuondolewa swali bila wasiwasi mkubwa. Yenye kazi ya chama isiondolewe. Lakini mtoto na zoezi lake naye asiachwe gizani, na dawa yake ni akaunti mbili. Neno akaunti hapa halihusu benki. Ni chumba cha kila mtumiaji ndani ya kompyuta.

Katika Mipangilio, chini ya Akaunti na watumiaji wengine, katibu aongeze mtumiaji wa kawaida asiyetumia anwani ya Microsoft, ampe jina kama "Nyumbani", na nafasi ya neno la siri aiache tupu. Umeme ukirudi, mtoto hubofya jina hilo na kuendelea. Windows yenyewe, isipobadilishwa, hairuhusu akaunti isiyo na neno kuingiwa kwa kupitia mtandao. Hutumika tu na aliyekaa mbele ya kompyuta. Akaunti ya katibu hubaki na neno lake, na aliye katika akaunti ya kawaida hawezi kufungua majalada yake. Sharti moja lisisahauliwe: akaunti ya "Nyumbani" isipewe madaraka ya msimamizi, la sivyo ukuta huo hauna maana. Katibu akichoka kuandika neno refu, aweke PIN. Namba hiyo hufanya kazi katika kompyuta ile tu, na akiibiwa namba bila kompyuta haimfai mwizi.

Limebaki la ugonjwa na kifo. Neno likiwa kichwani mwa mtu mmoja, chama chaweza kukosa vitabu vyake wiki ya ukaguzi. Neno hilo, pamoja na zile tarakimu 48, liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha, Mwenyekiti na Mshika Fedha watie sahihi juu ya ulimi wa bahasha, kisha ifungiwe katika kasha la fedha pamoja na ufunguo wa akiba. Neno likibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe, na kumbukumbu za Halmashauri zionyeshe tarehe.

Maswali kwa kikundi cha masomo

Je, ni majalada gani ya chama yaliyomo katika kompyuta ya nyumbani ya Katibu, na nani aliyeidhinisha yapelekwe huko? Kompyuta hiyo ikiibwa usiku wa leo, mwizi atakutana na swali lolote? Na Katibu akilazwa hospitali kesho asubuhi, nani ataweza kufungua daftari la hisa, na kwa idhini ya nani?