Leseni ya Kubeba Abiria Si Risiti ya Ada

Mzazi anayempandisha mwanawe bajaji ya kwenda shule hufanya uamuzi mzito kwa muda mfupi mno. Hana nafasi ya kuchunguza mwenendo wa dereva aliye mbele yake. Anaamini tu kwamba yupo mtumishi wa umma, katika ofisi fulani, aliyekwisha kuuliza maswali kwa niaba yake. Somo la toleo hili linahusu maswali hayo. Tumechagua mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko, nje ya jiji la London, leseni za madereva wa teksi na wa magari ya kukodi kwa miadi hutolewa na halmashauri zenyewe, na mojawapo iliwahi kushindwa kazi hiyo kwa namna ambayo kila mkazi wa halmashauri yoyote anafaa kuifahamu.

Sheria inayotumika katika sehemu kubwa ya England na Wales ni ya mwaka 1976. Sheria hiyo haisemi kwamba mwombaji akilipa ada na kuonyesha leseni yake ya udereva basi apewe kibali. Inaizuia halmashauri kutoa leseni mpaka iridhike kwamba mwombaji ni mtu anayefaa na anayestahili. Kujua kuendesha gari ni sharti mojawapo tu. Mwombaji huchunguzwa kumbukumbu za makosa ya jinai, afya na mwenendo wake, na ni juu yake kuiridhisha halmashauri.

Maneno "anayefaa na anayestahili" yanaweza kumaanisha lolote, na kwa miaka mingi kila halmashauri iliyapima kwa kipimo chake. Mwongozo wa serikali wa Julai 2020 ukaweka swali moja la kuwasaidia waamuzi: kwa taarifa ulizo nazo, na bila chuki wala upendeleo, je, ungekubali mtu unayemjali asafiri peke yake na dereva huyu, saa yoyote ya mchana au ya usiku? Ikiwa yaelekea zaidi kwamba jibu ni hapana, mtu huyo hastahili kuwa na leseni. Shaka iliyobaki haihesabiwi kwa faida ya mwombaji. Katika kesi ya jinai mambo ni kinyume, kwani huko shaka humnufaisha mshtakiwa. Kwa hiyo dereva aliyeachiwa huru na mahakama anaweza bado kunyimwa leseni, kwa sababu swali linaloulizwa ni jingine.

Mahakama za huko zimeamua pia kwamba watoto wanaomtegemea dereva, au deni la gari lake, si hoja ya kumwachia leseni mtu ambaye ni hatari kwa abiria. Mwandishi wa makala hii alipokutana na msimamo huo kwa mara ya kwanza aliuona mkali kupita kiasi, maana leseni ndiyo chakula cha nyumba nzima. Yaliyotokea Rotherham yanaeleza kwa nini msimamo huo upo.

Rotherham ni mji wa kaskazini mwa England. Agosti 2014, ripoti ya uchunguzi huru ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walidhulumiwa kingono mjini humo kati ya mwaka 1997 na 2013, na ikaeleza jinsi baadhi ya madereva wa teksi walivyohusishwa na uovu huo. Ukaguzi uliofuata, ulioongozwa na Louise Casey na kutolewa Februari 2015, uligundua kwamba halmashauri haikuchukua hatua za kutosha kuhakikisha leseni za teksi ziko mikononi mwa watu wanaostahili. Serikali ikapeleka makamishna kushika madaraka ya utendaji ya halmashauri, yakiwemo ya leseni. Masharti mapya yakatungwa, na miongoni mwake ni kufunga kamera ndani ya magari.

Hata hivyo, dereva naye hakuachwa bila kinga. Halmashauri ikimsimamisha au kumfutia leseni, ni lazima impe sababu kwa maandishi ndani ya siku 14, naye ana siku 21 za kukata rufaa mbele ya mahakama ya mahakimu. Kwa kawaida huendelea na kazi hadi rufaa iamuliwe, isipokuwa pale usalama wa umma unapodai uamuzi uanze mara moja.

Hapa kwetu mpangilio ni tofauti, na ndiyo maana kauli kwamba "dereva yule ana leseni" haitoshi. Leseni ya udereva hutokana na majaribio ya Polisi wa Usalama Barabarani. Leseni ya usafirishaji wa abiria iko chini ya LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Halmashauri hutunga sheria ndogo na kupanga vituo vya maegesho. Nayo Katiba, katika Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na chombo chochote. Dereva anayelalamikiwa anayo haki hiyo sawa na mlalamikaji.

Kwa hiyo mwananchi mwenye lalamiko aandike namba ya usajili ya chombo, tarehe, saa, mahali na jambo lilivyotokea, kisha alifikishe kwa Mtendaji wa Kata ili lielekezwe kwenye mamlaka husika. Ikiwa ni kosa la jinai, hasa dhidi ya mtoto, asipitie ofisi ya kata kwanza. Aende moja kwa moja kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.