UTII HUANZA MASIKIONI

Watu husema, "Mtoto yule hasikii." Si kwamba ni kiziwi. Maana yake hatii. Na mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Basi Kiswahili chetu chenyewe kinatufundisha: utii huanza masikioni. Leo tujifunze kwa Mtakatifu Benedikto, aliyelifahamu sana jambo hili.

Benedikto alikuwa nani?

Benedikto alizaliwa Nursia, nchini Italia, kama mwaka 480. Kwenye mwaka 529 alianzisha monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino. Monasteri ni makao ya watawa wanaosali na kufanya kazi pamoja. Aliwaandikia wenzake Kanuni yenye sura 73. Hapa Tanzania, watawa wa Peramiho na Ndanda wanaifuata hadi leo. Kanuni hiyo huanza kwa kumwambia msomaji asikilize.

Unyenyekevu ni nini?

Wengine hudhani mnyenyekevu ni mtu mnyonge, asiye na neno. Sivyo. Mnyenyekevu anajua ukweli juu yake mwenyewe. Anajua kwamba yeye si Mungu, na kwamba vipaji vyake amepewa. Benedikto aliufananisha unyenyekevu na ngazi ya hatua 12. Katika ngazi hiyo, anayejishusha ndiye anayepanda. Anayejikweza anateremka.

Alifundisha hayo kwa kazi za kila siku. Fundi akijivunia ufundi wake, aondolewe kazini mpaka anyenyekee. Watawa wapokezane zamu ya jikoni kila wiki. Anayemaliza zamu na anayeanza waoshe miguu ya wenzao wote, kama Yesu alivyowaosha mitume wake.

Mkubwa naye asikilize

Je, ni wadogo tu wanaotakiwa kusikiliza? Hapana. Mkuu wa monasteri huitwa abati. Benedikto aliagiza kwamba likitokea jambo kubwa, abati awaite ndugu wote watoe shauri, hata walio wadogo. Sababu yake ni kwamba mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Kisha abati aamue, na wote watii. Lakini abati naye akumbuke kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa kila alilolitenda.

Mzigo ukizidi nguvu

Tuseme jumuiya yenu inakuchagua uwe katibu. Wewe umemaliza kisomo juzijuzi tu. Mkono bado mzito kuandika. Utafanyaje?

Sura ya 68 ya Kanuni inatusaidia hapa. Kwanza, pokea agizo kwa utulivu. Pili, ukiona mzigo umezidi nguvu zako, mweleze mkubwa wako sababu zako. Chagua wakati unaofaa. Sema kwa uvumilivu, bila kiburi wala ubishi. Tatu, akikusikiliza na bado akaona ni kazi yako, ikubali kwa upendo na kutegemea msaada wa Mungu.

Tuangalie vizuri hapo. Kusema shida yako waziwazi si kukosa utii. Kinachoharibu utii ni manung'uniko: mdomo unasema "ndiyo", kumbe moyoni unalaani. Na kujificha nyuma ya neno "mimi sijasoma", hali unaweza kujaribu, si unyenyekevu. Huenda ni woga tu, au hata uvivu.

Utii una mpaka

Hakuna mkubwa mwenye haki ya kutuagiza dhambi. Mitume walipokatazwa na Baraza kuhubiri habari za Yesu, walikataa. Walisema wazi kwamba Mungu hutiiwa kwanza. Kwa hiyo mtu akikuagiza kuiba michango au kutoa ushahidi wa uongo, usimtii, hata kama ana cheo kikubwa. Kunyamaza wakati mwenzako anadhulumiwa nako si unyenyekevu.

Basi tukumbuke: mdogo asikilize, mkubwa asikilize, na wote wawili wamsikilize Mungu. Sikio likiziba upande mmoja, kinachobaki si utii tena. Ni amri tupu na hofu tupu.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kueleza shida na kunung'unika?
2. Katika jumuiya yenu, vijana na akina mama husikilizwa kabla ya jambo kuamuliwa?
3. Ni kazi gani unayoikataa kwa woga, ambayo ungeweza kuijaribu?