KUCHAGUA MATAIRI NA RIMU ZA KUPUNGUZA MTIKISIKO WA GARI

Wakulima wengi siku hizi wana gari moja tu, nalo ndilo la kazi zote. Jumatatu lapeleka mayai na nyanya sokoni, Jumapili lapeleka watu wa nyumbani kanisani, na usiku wowote laweza kuhitajiwa kumpeleka mama mjamzito hospitalini. Gari hilo likitikisa sana, mayai huvunjika, nyanya hupondeka, na mgonjwa huteseka njia nzima. Watu hulaumu barabara, kisha hulaumu springi. Lakini mara nyingi kosa limo katika matairi na rimu zilizonunuliwa wakati yale ya kwanza yalipokwisha.

Yafaa kukumbuka kwamba aliyelifanya tairi la upepo kuwa kitu cha kutumiwa na watu wote hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, aliyekaa mjini Belfast. Mwaka 1888 alifunga mpira wenye upepo katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili isimtikise mtoto. Mtu mwingine, Robert William Thomson wa Scotland, alikuwa ameandikisha fikira hiyo tangu 1845, lakini haikuenea. Jambo ambalo wote wawili walilitambua ni hili: kinachobeba gari hasa ni upepo ulio ndani, wala si mpira wenyewe. Basi kadiri upepo ulio kati ya rimu na barabara ulivyo mwingi, ndivyo mto wa kukalia ulivyo mnene.

NAMBA ZA UBAVUNI

Tazama ubavu wa tairi. Tuseme umeandikwa 195/65 R15 91H, ukubwa unaoonekana sana katika magari madogo. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, nacho ni sehemu 65 katika kila 100 za upana huo, yaani karibu milimita 127. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito, na H ni mwendo ambao tairi lisiupite.

Sasa njoo kwa yule muuza rimu mjini. Ana rimu za alumini za inchi 17, zinang'aa, naye akwambia gari litapendeza. Kweli litapendeza. Lakini ili gurudumu zima lisizidi kimo chake cha zamani, rimu ikikua hapana budi ubavu upungue. Tairi la kufaa rimu hiyo litakuwa kama 225/45 R17, na ubavu wake ni milimita 101 tu. Umenunua urembo, ukatoa milimita 26 za mto. Katika lami laini huenda usione tofauti kubwa. Katika barabara ya udongo iliyojikunja kama bati, utaiona kabla hujafika dukani pa kwanza, na ukiingia shimoni rimu itagonga jiwe na kupinda au kupasuka.

Kwa mkulima, njia njema ni kubaki na ukubwa wa kiwandani, au, kama gari lilikuja na rimu kubwa, kushuka inchi moja. Gari lenye 205/55 R16 mara nyingi huweza kuvaa 195/65 R15. Vimo vya magurudumu hayo mawili havipishani ila kwa milimita 3 hivi, kwa hiyo kipimo cha mwendo hakitadanganya, nawe unapata ubavu mrefu zaidi kwa milimita 14. Ila kwanza fundi aijaribu rimu tupu kwenye gari na kuizungusha kwa mkono, kwa maana katika magari mengine rimu ndogo hukwaruza breki.

RIMU ISIYO YA GARI LAKO

Rimu yaweza kuwa na kimo sawa na bado isifae. Hesabu matundu ya nati, na upime nafasi iliyo kati yake. Rimu ya nati tano za duara la milimita 100 haitakaa vizuri katika gari la 114.3, hata fundi akiilazimisha. Tena tazama tundu la katikati. Likiwa pana kuliko kitovu cha gari, gurudumu halikai sawasawa, na usukani hutetemeka ukishika mwendo. Dawa yake ni pete ya kuziba nafasi hiyo, nayo si ghali. Na nati za rimu ya chuma huenda zisiwe na umbo linalotakiwa na rimu ya alumini, basi uliza nati zake palepale unaponunua.

UZITO USISAHAULIKE

Hapa ndipo raha na usalama huweza kugombana. Tairi la namba 91 hubeba kilo 615, likiwa limejaa upepo wake kamili. Tairi la namba 82 hubeba kilo 475 tu. Tuseme umepakia magunia ya viazi ya kilo 50, na mizani yaonyesha kwamba ekseli ya nyuma imebeba kilo 1,100. Matairi mawili ya 91 yaweza kubeba 1,230, yanatosha. Mawili ya 82 yabeba 950, na siku ya jua kali, katika mteremko mrefu, yaweza kupasuka yakiwa na watu juu yake. Kwa hiyo usikubali kamwe namba iliyo chini ya ile ya kiwandani, hata ukiambiwa kwamba tairi ni laini na bei yake ni nafuu.

Kinyume chake, yako matairi ya mizigo yenye herufi C baada ya ukubwa wake. Mbavu zake ni ngumu kwa makusudi. Pikapu iliyojaa huenda vizuri nayo, lakini ikirudi tupu huruka kama mbuzi. Mwenye kubeba mzigo mzito kila siku hana njia nyingine. Mwenye kubeba trei chache za mayai mara mbili kwa juma hayahitaji, ikiwa gari lake halikuja nayo. Kadhalika wenye magari yaliyotoka Ulaya, kama BMW, watazame kama matairi yao ni yale yawezayo kutembea bila upepo. Hayo nayo yana mbavu nene, na huadhibu mgongo katika barabara mbovu.

UMRI NA UPEPO

Mpira huwa mgumu kwa umri hata kama haujatembea. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2321, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2021. Tairi la mtumba lenye meno marefu na umri wa miaka kumi ni gogo tu.

Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea. Kipimo chake kimeandikwa katika kibandiko kwenye mlango wa dereva au nguzo yake. Magari ya Japani mengi huandikwa kwa kPa, na geji za vituo vyetu ni za psi: gawanya kwa 7, na 230 itakuwa 33 hivi. Wako vijana wa pampu wanaojaza 40 kwa kila gari, ati tairi lisichakae. Gari hilo litarukaruka, na tairi litalika katikati. Wako pia madereva wanaopunguza upepo ili gari liwe laini. Katika matope, kwa mwendo wa pole, yafaa kwa muda. Katika lami ubavu hujikunja mno, hupata moto, na tairi hupasuka. Kama kibandiko chaonyesha vipimo viwili, kile kikubwa ni cha siku ya mzigo.

Matairi mapya yakifungwa, yapimwe balansi, na mbele panyoshwe. Ikiwa gari bado laruka, ndipo sasa umwambie fundi atazame shoku. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, simama mahali tambarare ukaze nati tena, na usiache kutazama kama gurudumu la akiba nalo laingia katika nati hizo mpya.