FIZIKA: NITROKSI INAMFAA MZAMIAJI WA ZIWA KIVU?

Wanafunzi wenzangu, hapa Bukavu kila mtu anajua kuogelea, ao anasema anajua. Lakini kuzamia na chupa ya hewa mgongoni ni jambo lingine, na ndani yake mna fizika nyingi.

Hewa tunayovuta ina oksijeni 21 kwa 100, na karibu yote inayobaki ni azoti, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita naitrojeni. Nitroksi ni hewa hiyo hiyo iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi mpaka 32, basi azoti inabaki 68. Kwa nini kuipunguza? Sababu chini ya maji msukumo unaiingiza azoti katika damu na mafuta ya mwili, kama gazi ndani ya limonadi. Fungua chupa ya limonadi mbio, utaona povu. Mzamiaji akipanda mbio, povu linafanyika ndani ya viungo ao uti wa mgongo, na anaweza kupooza. Tena azoti haitoki mara moja: mwenye kuzamia asubuhi na kurudi mchana anaanza na deni.

Sasa tuone hesabu. Jedwali moja linalotumiwa sana na wazamiaji wa starehe linaruhusu dakika 219 kwa metre 10. Lakini lilifanywa kwa bahari. Ziwa letu liko kwenye metre 1.460 hivi, na msukumo wa hewa ni kama 84 kwa 100 ya ule wa pwani. Kwa hiyo metre 10 za Kivu tuzihesabu kama 12 za bahari, na jedwali linashuka mpaka dakika 147. Chupa ya litre 12 inamtosha mtu kama dakika 50 hivi. Hewa inaisha kwanza! Hata akizamia mara mbili, ni dakika 100. Hapo nitroksi ni feza za bure, ndivyo ninavyoona.

Kwa metre 18 mambo yanageuka. Hapa zinakuwa kama 21 za bahari: tunasoma mstari wa 22, dakika 37 tu, na deni la asubuhi linazikata tena. Akivuta nitroksi ya 32, hesabu ya azoti inarudi karibu metre 17, tunasoma mstari wa 18, dakika 56. Tazameni vizuri: nitroksi imerudisha kile ambacho mlima ulinyang’anya, na kidogo zaidi. Anayezamia mara tatu kwa siku kwenye kina hicho, inamfaa. Wengine wanasema pia haichoshi. Majaribio hayajaonyesha hivyo wazi.

Lakini oksijeni nayo ina ukali wake. Kupita metre 33 hivi, hiyo ya 32 inaweza kumtia mtu kifafa majini, ndiyo maana kila chupa inapimwa mbele ya kuivaa. (Hesabu zetu ni za ubao, zisimwingize mtu majini.)

Tena kuna jambo ambalo nitroksi haiondoi. Aliyezamia mara nyingi anashauriwa angoje saa 18 mbele ya kupanda ndege. Kwetu si ndege ya Kavumu peke yake: mlima Kahuzi una metre 3.308, na kutoka ziwani unaweza kuanza kuupanda siku ile ile.