Dada, Nilipe Dola Ngapi Niingie Maabara?

Swali hili limenijia kwa sura nyingi, nami nalijibu kwa pamoja. Binti amemaliza kidato cha nne, anapenda baiolojia, ameona mtandaoni tangazo la kambi ya utafiti wa tiba huko Marekani wakati wa kiangazi. Ada ni maelfu ya dola. Mama yuko tayari kuuza kiwanja. Auze?

Asiuze. Programu zinazoheshimika kule huwa hazimkamui mtoto. Research Science Institute, iliyoanza 1984 na sasa hufanyika MIT, haimtozi aliyechaguliwa ada ya masomo. NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya iliyoko Bethesda, Maryland, imekuwa ikiwalipa posho wanafunzi wanaokwenda kujifunza kwa watafiti wake. Programu hiyo lakini imekuwa ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu, na ya mwaka 2025 ilifutwa. Kwa hiyo ninyi mlioko Marekani na wazazi, ombeni sehemu kadhaa, tena mapema: maombi mengi hufungwa baridi ikiwa bado kali, miezi kabla ya shule kufungwa. Anayekuuzia nafasi kwa bei ya gari anakuuzia cheti, na walimu wa vyuo wanavijua vyeti hivyo.

Kwetu je? Kilifi, Kenya, watafiti wa programu ya utafiti wa afya ya KEMRI-Wellcome wamekuwa wakiwachukua vijana wa kaunti ile waliofaulu vizuri kidato cha nne, wakae nao miezi kadhaa kabla ya chuo. Kama huishi Kilifi, anza na hospitali ya rufaa au chuo kikuu kilicho karibu nawe. Barua pepe iwe fupi: wewe nani, umesoma nini, una wiki ngapi, na kitu kimoja ulichokielewa katika kazi ya huyo unayemwandikia. Mwandikie kwa jina lake. Barua ya "Mheshimiwa Bwana au Bibi" iliyotumwa kwa watu arobaini huonekana kwa mbali, nami mwenyewe ningeifuta. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe kwa adabu. Mwalimu wako wa sayansi akuandikie barua, na umpe muda, usimshtukize Ijumaa jioni.

Sasa niwaambie mtakachokikuta, maana picha za koti jeupe zinadanganya. Chukua kazi ya malaria. Tone la damu limekaushwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Unaweka mafuta, unashusha lenzi kubwa kabisa ya darubini, unaanza kuhesabu: vimelea mkono huu, chembe nyeupe mkono ule, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Hesabu ya vimelea unaizidisha kwa 40, kwa sababu hukadiriwa kuwa mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Kisha kioo kingine. Na kingine. Shingo inauma, na mtu wa pili anasoma vioo vyako bila kuona majibu yako. Mkitofautiana sana, anaitwa wa tatu. Asiyeipenda kazi hii hugundua mapema, na hilo nalo ni faida kubwa kuliko cheti, kwani miaka ya shahada ya udaktari ni mingi mno kuipitia kwa kubahatisha.

Uliza maswali, hata yale unayoyaona ya kijinga. Andika kila kitu kwenye daftari la maabara kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja, usifute. Umri wako utaje wa kweli, maana maabara nyingi zina kikomo kwa sababu za usalama.

Na simu ibaki mfukoni. Chupa ya damu yenye jina au namba ya mgonjwa haipigwi picha, hata ukiwa na hamu gani ya kuiweka kwenye status. Ukifanya hivyo utatolewa siku hiyo hiyo, na mimi sitakutetea.