Idadi Ikishuka, Uliza Wamepimwa Wangapi

Taarifa ya kila siku ya Wizara ya Afya wakati wa korona ilikuwa na mtindo wake, na Mkenya mwenye redio aliuzoea: watu kadhaa wamepatikana na virusi kutokana na sampuli kadhaa zilizopimwa katika saa 24 zilizopita, kisha waliopona, waliofariki, na mgawanyo wa kaunti, Nairobi ikitangulia na Turkana ikija karibu na mwisho, kama ilitajwa. Waziri Mutahi Kagwe alipomaliza kusoma, wengi wetu tulibaki na tarakimu moja tu, ile ya kwanza. Ikiwa ndogo kuliko ya jana, tulishusha pumzi na barakoa pamoja.

Makala haya ni ya wale wanaopokea tarakimu hiyo na kuipitisha kwa wengine: chifu anayesimama barazani Lopur, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba Kakuma, kiongozi wa bloku katika kambi ya wakimbizi ya huko, kijana wa Lodwar ambaye kikundi chake cha WhatsApp kinamwamini kuliko gazeti. Nitatumia mifano ya korona kwa sababu ndiyo iliyotuachia hesabu nyingi, lakini mbinu zenyewe zinafaa kipindupindu, surua au mpox.

Anza na tarakimu ya pili, ile ya sampuli. Mvuvi wa Kalokol aliyetupa nyavu kumi jana na tatu leo hawezi kukuambia kwamba samaki wamepungua ziwani kwa kuwa tu kikapu chake ni chepesi. Tuseme Jumanne watu 4,000 walipimwa na 400 wakapatikana na virusi. Jumatano wakapimwa 2,000, na 300 wakapatikana. Habari itakayosambaa ni kwamba wagonjwa wamepungua kwa 100. Chukua simu, fungua kikokotoo, gawanya walioambukizwa kwa waliopimwa, zidisha kwa 100: Jumanne ni asilimia 10, Jumatano ni 15. Idadi imeshuka na asilimia imepanda. Hiki ndicho kiwango cha maambukizi kilichokuwa kikisomwa katika taarifa, na ndicho kilichomfanya Rais Uhuru Kenyatta kufunga Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru tarehe 26 Machi 2021, kilipofika asilimia 22 baada ya kuwa chini kabisa mwezi Januari. Kipimo cha kulinganishia kipo: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kiwango kiwe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili mfululizo kabla ya nchi kulegeza masharti.

Kiwango nacho kina hila zake. Uliza ni nani waliopimwa. Sampuli nyingi zikiwa za madereva wa malori mpakani na wasafiri wanaotafuta cheti, watu wazima wa afya, asilimia itashuka hata kama kijijini hakuna kilichobadilika. Vipimo vikiadimika na kubakizwa kwa waliolazwa peke yao, asilimia itapaa. Kwa hiyo tarakimu zote mbili zitazamwe kwa pamoja. Sampuli hazikupungua, waliopimwa ni watu wa aina ileile, na asilimia inashuka wiki baada ya wiki? Hapo una habari njema. Sampuli zimepungua nusu na asilimia haikusogea? Huna habari yoyote, njema wala mbaya.

Kuna namna ya kushusha idadi hadi sufuri bila kumponya mtu hata mmoja. Tanzania ilitangaza wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, kisha ikaacha kutoa takwimu. Kwa zaidi ya mwaka mzima ramani za dunia ziliendelea kuonyesha 509, na wapo waliozionyesha kama ushahidi kwamba jirani amepona. Kwetu hapa Turkana sababu inaweza kuwa ndogo zaidi: vifaa vya kupimia kuisha, gari la kupeleka sampuli kukosa mafuta, au wauguzi kugoma kama walivyogoma wale wa kaunti nyingi Desemba 2020. Mgomo ukianza, zahanati ikifungwa, wagonjwa hubaki manyattani na karatasi hubaki safi.

Siku za wiki hazifanani. Mwishoni mwa wiki watu wachache hupimwa na maabara hupunguza kazi, basi taarifa za Jumapili na Jumatatu huwa nyepesi. Usilinganishe Jumatatu na Ijumaa. Jumlisha siku saba, gawanya kwa saba, ulinganishe na siku saba zilizotangulia. Kwa Turkana hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa mwanzoni maabara za kupima korona zilikuwa chache na mbali nasi. Sampuli zikisafiri kwa mafungu, majibu nayo hurudi kwa mafungu. Kaunti inaweza kuonekana imetulia siku nne, kisha ikalipuka siku ya tano kwa majibu ya wiki iliyopita.

Vifo husomwa kwa subira zaidi. Anayeambukizwa leo huanza kuumwa baada ya siku kadhaa, hulazwa baadaye, na akifariki huwa ni wiki mbili au tatu mbele. Ndiyo maana mara nyingi utasikia maambukizi yameshuka na vifo vimeongezeka katika taarifa moja, na hakuna aliyekosea. Tena taarifa za Wizara zilikuwa zikieleza kwamba baadhi ya vifo vilivyotangazwa vilitokea tarehe tofauti za nyuma na vimegunduliwa hospitali zilipokagua rekodi zao. Maneno hayo ndiyo watu waliyoyaruka walipofupisha habari, na ndiyo yaliyokuwa muhimu. Anayesema “leo wamekufa 20” wakati 17 kati yao walifariki mwezi uliopita amewatisha watu bure.

Sasa lile linaloleta ubishi mwingi: nini kimeshusha idadi? Mwaka 2021 vitu viwili vilikuja karibu kwa wakati mmoja. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi 1,020,000 za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX, ilitua Nairobi tarehe 3 Machi, na Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu mkurugenzi mkuu wa afya, akachanjwa wa kwanza siku mbili baadaye. Mwisho wa mwezi huohuo kaunti tano zikafungwa. Aprili maambukizi yakapungua, na tarehe 1 Mei kufuli ikaondolewa. Aliyependa chanjo alisema ni chanjo, na aliyeichukia akasema ni mambo ya Mungu.

Fanya hesabu kabla ya kuchagua upande. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Hata kama kila dozi ya shehena ile ingechomwa siku ileile iliyofika, ingewafikia watu wawili tu katika kila mia. Kinga nayo haiji papo hapo. Huchukua wiki mbili au tatu baada ya sindano. Watu wawili katika mia hawawezi kuvunja wimbi la nchi nzima kwa mwezi mmoja. Isitoshe, Kenya ilikuwa imeshaona wimbi la katikati ya 2020 na lile la Novemba 2020 yakipanda na kushuka kabla ya chanjo yoyote kuingia nchini. Mawimbi hushuka kwa sababu watu hujihadhari, kwa sababu safari hupungua, na kwa sababu waliokuwa rahisi kuambukizwa wameshaambukizwa.

Je, basi chanjo haikufanya kazi? Hilo ni kosa la upande wa pili, na kwa maoni yangu ndilo lenye hatari zaidi. Kazi ya chanjo hutafutwa mahali pake: kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa, ni wangapi wanaolazwa, wangapi wanaohitaji oksijeni, wangapi wanaofariki? Walioanza kuchanjwa walikuwa wahudumu wa afya, walimu, polisi, na muda mfupi baadaye wazee wa miaka 58 na zaidi. Ukitaka kujua kama sindano inasaidia, waulize wauguzi juu ya wazee waliolala wodini. Achana na jumla ya taifa. Na ukiwa barazani, usiipe chanjo sifa isiyo yake mwezi wa kwanza. Wimbi litakaporudi, na hurudi, watu watasema uliwadanganya, na siku hiyo hawatakusikiliza hata ukisema kweli.

Swali linalofuata ni wapi. Jumla ya taifa ni sauti ya Nairobi kwa sehemu kubwa, maana huko ndiko watu wengi waliko na vipimo vingi viliko. Juni 2021 Nairobi ilikuwa na ahueni baada ya kufuli, ilhali kirusi cha Delta kilikuwa kinasambaa kanda ya ziwa. Tarehe 17 mwezi huo serikali ikaziwekea masharti makali kaunti 13 za magharibi. Mojawapo ilikuwa Trans Nzoia. Mkazi wa Kakuma aliyesikiliza Nairobi peke yake alipitwa, kwa kuwa basi lake, mahindi yake na mboga zake hupitia Kitale, mji wa Trans Nzoia. Hii ndiyo kanuni yangu kwa watu wa Turkana: tazama barabara. Trans Nzoia ikipanda, Lodwar ijiandae, na Kakuma, kilomita 120 hivi mbele, ijiandae pia. Upande wa pili uangalie Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini.

Wala usitegemee kizuizi kikulinde peke yake. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab. Mwezi Mei kambi zote mbili zilikuwa zimethibitisha wagonjwa. Kizuizi huchelewesha, na kuchelewesha kuna faida yake, lakini chakula, wafanyakazi na madereva bado hupita.

Kaunti yenye wagonjwa wachache ina tatizo lake la hesabu. Turkana ikitoka wagonjwa sita hadi watatu, usiseme wamepungua kwa asilimia 50, hata kama ni kweli kwa kikokotoo. Familia moja ikipimwa au isipopimwa tarakimu hubadilika kabisa. Kwa idadi ndogo namna hiyo tazama wiki nne kwa pamoja, na uache asilimia kabisa.

Kumbuka pia kwamba waliotangazwa ni sehemu tu ya walioambukizwa. Watafiti wa mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome walipochunguza damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za korona, maana yake wameshakutana na kirusi. Hadi mwisho wa Julai mwaka huo, waliothibitishwa nchini walikuwa 20,636. Asilimia hiyo ya taifa zima ingekuwa mara nyingi zaidi ya hao; pengo ni kubwa mno. Kwa hiyo tarakimu ya taarifa ichukuliwe kama dalili ya mwelekeo. Haikuhesabu wagonjwa wote na haikukusudiwa hivyo. Ndiyo sababu Desemba 2021, aina ya kirusi ya Omikroni ilipofikisha kiwango juu ya asilimia 30, lililokuwa la maana zaidi ni vitanda vya wodi, ambavyo havikujaa kwa kasi iliyolingana.

Kabla hujatangaza, piga simu moja kwa muuguzi au afisa wa kliniki unayemjua na umuulize mambo mawili: wanaokuja na homa na kikohozi wameongezeka au wamepungua kuliko wiki iliyopita, na vifaa vya kupimia vipo? Usimuulize majina ya wagonjwa. Kumbuka kwamba vumbi la kiangazi na kifua kikuu huleta kikohozi pia.

Kisha sema kwa utaratibu, kwa Kiswahili au Kiturkana, kitu kama hiki: “Wiki hii kaunti imetangaza wagonjwa wachache kuliko wiki iliyopita. Waliopimwa ni wengi kama awali. Trans Nzoia bado inapanda. Wazee ambao hawajachanjwa waje zahanati.” Na idadi ya waliopimwa isipotolewa, sema wazi kwamba haikutolewa, kisha mwulize afisa wa afya wa kaunti ndogo yako kesho yake asubuhi.