Hasira Ikipanda, Sema Neno Hili Kwanza

"Dada, mimi sina ugomvi na mtu. Shida yangu nikikasirika sijioni."

Maneno haya aliniambia kijana wa miaka 17 baada ya somo la kikundi chetu cha vijana. Siku tatu kabla, mdogo wake alichukua baiskeli bila kuomba, akairudisha na pancha. Kaka mtu akamzaba kibao kimoja tu. Hospitali wakasema ngoma ya sikio imechanika. "Pancha nimeziba kwa elfu moja," akasema. "Sikio je?"

Kisha akaniuliza: eti sisi Waislamu tuna dua ya hasira? Ndiyo, ipo. Leo tujifunze dua hiyo, na tuone inavyokwenda pamoja na mwili wako.

Mwilini kunatokea nini?

Ukikasirika, ubongo unauambia mwili ujiandae kupambana. Homoni iitwayo adrenalini inaingia kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza. Wakati huo uwezo wako wa kupima faida na hasara unapungua. Ndiyo maana mtu anasema "sijioni". Lakini wimbi hili hushuka usipolichochea. Kazi yako ni kuvuka salama dakika hizo chache.

Dua yenyewe

Bukhari na Muslim wamepokea kisa kutoka kwa Sulayman bin Surad. Watu wawili walitukanana mbele ya Mtume Muhammad (S.A.W.), mmoja wao akaiva uso kwa hasira. Mtume akasema analijua neno ambalo mtu yule angelisema, hasira ingemtoka. Neno lenyewe ni:

Audhu billahi mina shaitani rajimi.

Maana yake: najikinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani aliyefukuzwa katika rehema. Ni lile lile unalolisema kabla ya kusoma Qur'ani. Kwa hiyo huna jipya la kukariri. Kazi ni kulikumbuka wakati wake!

Hatua nne za kufuata

1. Sema dua. Iseme polepole, ukishusha pumzi. Pumzi ndefu husaidia moyo kutulia.

2. Nyamaza. Mafundisho ya Mtume yanamtaka mwenye hasira akae kimya. Tusi likishatoka halirudi.

3. Badilisha mkao. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, aliyesimama akae, isipoondoka, alale. Fikiria mwenyewe: aliyelala atampiga nani?

4. Tia udhu. Wapo wanazuoni wanaosema upokezi wa hadithi hii ni dhaifu, lakini udhu wenyewe ni ibada, na kwenda bombani kunakuondoa kwenye ugomvi.

Kama wewe si Muislamu, omba kwa imani yako au hesabu mpaka kumi. Hatua za mwili ni zile zile.

Je, ni woga?

Vijana wengi wa kiume wananiambia: "Nikinyamaza wataniona bwege." Lakini Mtume alifundisha kwamba shujaa si anayewaangusha wenzake kwa mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake anapokasirika.

Tena, kuzuia hasira si kunyamazia dhuluma. Ukishatulia, rudi useme wazi: "Nimeumia kwa sababu umechukua kitu changu bila kuniomba." Na kama wewe ndiye unayepigwa au kunyanyaswa nyumbani, usiishie kwenye dua tu. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Kwa Tanzania na Kenya, mtoto anaweza kupiga 116 bila malipo.

Kama hasira inakujia kila siku, hulali vizuri, au umeshaumiza mtu, nenda kituo cha afya uongee na mhudumu. Dua na matibabu havigombani.

Yule kijana ameshamwomba radhi mdogo wake. Dogo bado anakwenda kliniki ya masikio, na anayempeleka ni kaka yake, kwa baiskeli ile ile. Wahenga walisema hasira hasara, na yeye hasara yake anaijua.

Jadilini kwenye kikundi

- Ni kitu gani hukupandisha hasira haraka? Unaanza kuisikia wapi mwilini?
- Mwenzio akipandwa na hasira, utamsaidiaje bila kumchochea?
- Wiki hii jaribu hatua nne. Ipi imekuwa ngumu, na kwa nini?